Spencer Pickering: Mwanakemia wa shambani aliyepatanisha maji na mafuta kwa vumbi

Mfugaji anaponunua dawa ya kupe mjini Lodwar na kuimimina ndani ya ndoo ya maji, hushuhudia jambo ambalo amelizoea mno hata halimshangazi tena. Dawa hiyo, iliyokuwa ng'avu ndani ya chupa, hugeuka papo hapo ikawa nyeupe kama maziwa. Hakuna maziwa yaliyotiwa humo. Kilichotokea ni kwamba mafuta yaliyobeba dawa yamevunjika yakawa matone madogo mno, yakatawanyika ndani ya maji na kuurudisha mwanga wa jua kila upande, na ndiyo sababu jicho huona weupe.

Yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka wa 1992, jambo lililo kinyume cha hilo huonekana kila siku. Mama anayeosha sufuria yenye mafuta ya kupikia kwa maji matupu huyaona mafuta yakielea juu, yakijikusanya na kukataa katakata kuungana na maji. Akitumia sabuni mambo hubadilika. Lakini maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvichumvi, na katika maji ya aina hiyo sabuni huwa bahili wa povu.

Kati ya ndoo ya Lodwar na sufuria ya Kakuma limo swali moja la kale. Waswahili huwataja maji na mafuta kama mfano wa watu wasioweza kuishi pamoja. Mbona basi wakati mwingine hivi viwili hukaa pamoja kwa siku, kwa miezi, hata kwa miaka? Jibu la kwanza ni sabuni, na hilo hujulikana na kila mtu. Jibu la pili, lisilojulikana na wengi, ni vumbi: punje ndogo ngumu zinazojipanga kwenye mpaka wa vimiminika hivyo viwili na kuzuia matone yasirudiane.

Jibu hilo la pili hubeba jina la Mwingereza aliyeaga dunia zaidi ya karne moja iliyopita. Percival Spencer Umfreville Pickering hakulipata akiwa katika jumba la kifahari la utafiti. Alilipata akiwa katika vita dhidi ya wadudu na kuvu katika shamba la matufaha.

MTOTO WA WATU WA HADHI

Pickering alizaliwa London tarehe 6 Machi, 1858, katika jamaa yenye jina na mali. Baba yake, Percival Andree Pickering, alikuwa wakili wa ngazi ya juu aliyehudumu pia kama hakimu wa mji wa Pontefract. Mama yake, Anna Maria, alitoka katika ukoo wa Spencer-Stanhope, wamiliki wa ardhi wa siku nyingi huko Yorkshire.

Nyumba hiyo haikukosa vipaji. Dada yake, Evelyn, aliyemtangulia kuzaliwa kwa takriban miaka miwili na nusu, alikuja kuwa mmojawapo wa wachoraji mashuhuri wa kike wa Uingereza ya wakati wake. Mwaka wa 1887 Evelyn aliolewa na William De Morgan, mfinyanzi ambaye vigae na vyombo vyake vya rangi vinatafutwa na wakusanyaji hadi hii leo. Kwa hiyo, ilhali dada alishughulika na rangi na turubai, kaka alijifungia na chupa za tindikali na vipimajoto.

Spencer alipelekwa katika shule ya Eton, kisha akajiunga na Chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mapenzi yake kwa kemia yalimgharimu mapema: akiwa angali kijana, alipoteza jicho moja katika ajali ya maabara. Mwingine angeiacha kazi hiyo na kutafuta riziki penye usalama zaidi, hasa ikikumbukwa kwamba kwao hapakuwa na njaa. Yeye hakuiacha. Katika miaka ya 1880 alifundisha kemia katika Chuo cha Bedford jijini London, taasisi iliyofunguliwa kwa ajili ya elimu ya juu ya wanawake wakati ambapo Oxford ilikuwa bado inawanyima wanawake shahada zake.

VITA ALIVYOSHINDWA

Jina la Pickering lilianza kuvuma kwa sababu ya mzozo mkubwa wa kitaaluma. Wanakemia wa miaka hiyo walikuwa wakigombana kuhusu jambo linaloonekana dogo: je, chumvi au tindikali inapoyeyuka ndani ya maji, huwa inakuwaje?

Upande mmoja ulikuwa na Svante Arrhenius wa Uswidi, Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Wilhelm Ostwald aliyefanya kazi Ujerumani. Hawa walishikilia kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika ikawa chembe zenye chaji ya umeme, yaani ayoni, zinazotembea huru ndani ya maji. Upande wa pili ulikuwa na wale walioamini kwamba kiini cha jambo ni maji yenyewe kushikamana na kitu kilichoyeyuka, na kuunda misombo mipya kwa vipimo maalumu. Dmitri Mendeleev wa Urusi, mwasisi wa jedwali la elementi, aliegemea upande huu, na nchini Uingereza Pickering alikuwa mmojawapo wa watetezi wake wakali.

Uhodari wake ulikuwa katika vipimo. Alipima michanganyiko ya tindikali ya salfa na maji mara nyingi kupindukia, akitafuta katika grafu zake mahali ambapo mstari unapinda ghafla. Kwake yeye, kila pindo lilikuwa alama ya msombo uliojificha. Subira hiyo ilizaa matunda alipofaulu kuipata kwa umbo la fuwele aina moja ya tindikali hiyo iliyoshikana na maji kwa kipimo cha molekuli nne. Mwaka wa 1890 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wanasayansi mjini Leeds, alisimama kuwapinga wageni kutoka bara la Ulaya waliokuja kuieleza nadharia mpya ya ayoni.

Historia haikumpa ushindi. Van 't Hoff alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka wa 1901, Arrhenius akaipata mwaka wa 1903, na Ostwald mwaka wa 1909. Nadharia ya ayoni iliingia vitabuni, na mwanafunzi wa sekondari wa Lodwar huisoma leo kama jambo lisilo na ubishi. Hata hivyo, haki ya Pickering haikufutika kabisa. Wataalamu wa baadaye walithibitisha kwamba ayoni haziendi uchi ndani ya maji. Kila moja huzungukwa na kushikwa na molekuli za maji. Wapinzani wale wawili walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja.

KUTOKA CHUPA HADI MITI

Afya ya Pickering haikuwa imara, na kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo alivyozidi kuvutwa na kazi za nje. Mwaka wa 1894, kwa ushirikiano na Herbrand Russell, Duke wa 11 wa Bedford, alianzisha shamba la majaribio ya matunda la Woburn, huko Ridgmont katika jimbo la Bedfordshire. Duke alitoa ardhi na fedha. Pickering alitoa akili na jasho. Mtu aliyekuwa amezoea kuhesabu nyuzijoto katika mirija akawa sasa anahesabu mitufaha.

Alilikuta somo la ukulima wa matunda limejaa desturi zisizopimwa. Kila mkulima alikuwa na kanuni zake alizorithi kwa wazee, na hakuna aliyewahi kuzijaribu moja baada ya nyingine. Pickering alizijaribu. Vitabu viliagiza mizizi ya mti mchanga itandazwe kwa uangalifu, shimo lichimbwe kwa vipimo na udongo urejeshwe taratibu. Yeye alipanda miti mingine kwa namna hiyo, na mingine akaisokomeza ardhini ovyo na kuushindilia udongo kwa nguvu. Matokeo yake yaliwaudhi wengi, kwani miti iliyoshindiliwa haikudhurika, na mara nyingi ilistawi kuliko ile iliyobembelezwa.

Aligundua pia kwamba nyasi zikiachwa ziote chini ya mtufaha mchanga huudumaza vibaya. Kila mtu alidhani kwamba nyasi zilikuwa zikiunyang'anya mti maji na mbolea. Ili kujua hakika, Pickering aliotesha nyasi katika sinia zenye matundu, akaziweka juu ya mizizi ya miti bila nyasi hizo kugusana na udongo wa mti. Maji yaliyopita kwenye sinia na kudondoka chini yaliendelea kuudhuru mti. Alihitimisha kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye nyasi ambacho ni sumu kwa mti. Hadi leo wanabotania humtaja miongoni mwa watu wa kwanza kulichunguza jambo hilo kwa majaribio.

MRUTUTU, CHOKAA NA MAFUTA YA TAA

Katika shamba hilo la Woburn ndipo maji na mafuta yalipokutana naye. Mitufaha ilikuwa na maadui wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wadudu, ambao wakulima wa siku hizo waliwaua kwa mafuta ya taa. Wa pili ilikuwa kuvu, iliyotibiwa kwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Dawa hii ya pili ilitoka Ufaransa, ambako wakulima wa mizabibu karibu na Bordeaux walikuwa wakiinyunyiza kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili kuwatisha wezi wa zabibu. Profesa Pierre Millardet aliona kwamba mizabibu iliyopakwa haikushambuliwa na kuvu, na mwaka wa 1885 akatangaza tiba hiyo. Wakulima wa kahawa wa Kenya pia wanazifahamu vyema dawa zenye shaba.

Mafuta ya taa matupu huunguza majani, na kwa hiyo ni lazima yatawanywe ndani ya maji. Desturi ilikuwa kuyakoroga kwa maji ya sabuni. Lakini mkulima aliyetaka kuua wadudu na kuvu kwa mkupuo mmoja alikwama, kwa sababu sabuni haipatani na chokaa wala na shaba. Huganda, hugeuka mabonge na kupoteza nguvu zake. Ni tatizo lilelile analolijua mama wa Kakuma anayefua kwa maji magumu ya kisima.

Pickering alifanya jambo ambalo lisingetarajiwa. Aliiacha sabuni kabisa. Alichanganya mrututu na chokaa ndani ya maji, na humo pakatokea machicha laini mno ya chumvi ya shaba isiyoyeyuka. Kisha alitia mafuta ya taa na kuyakoroga kwa nguvu. Mafuta yalitawanyika, yakawa matone madogo, na hayakurudiana. Palitokea uji mzito mweupe wa buluu ulioweza kukaa muda mrefu bila kutengana. Kile kilichokuwa dawa ya kuvu kilikuwa pia kimefanya kazi ya sabuni.

Mwaka wa 1907 alichapisha uchunguzi wake katika jarida la Chama cha Kemia cha London. Mchanganyiko wa aina hii, ambamo kimiminika kimoja hutawanyika kwa matone ndani ya kingine kisichochangamana nacho, wanasayansi huuita emalsheni. Pickering alijaribu vitu vingi vya unga na kueleza kwamba siri iko katika udogo wa punje na katika jinsi zinavyolowa. Punje inayolowa kwa maji zaidi kuliko kwa mafuta hukaa kwenye ngozi ya tone la mafuta, ikiwa imezama zaidi upande wa maji. Punje maelfu zikifanya hivyo, tone huvikwa deraya. Matone mawili yakigongana, deraya hugonga deraya, na mafuta ya ndani hayapati nafasi ya kukutana.

ALIYETANGULIA NA ALIYEKUMBUKWA

Haki inadai itajwe kwamba Pickering hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka wa 1903, miaka minne kabla yake, Walter Ramsden wa Oxford, aliyekuja baadaye kuwa profesa wa baiokemia mjini Liverpool, alikuwa ameandika kuhusu vitu vigumu vinavyojikusanya kwenye uso wa vimiminika na kuyahifadhi matone na mapovu. Lakini sifa, kama mvua ya Turkana, hainyeshi kila mahali kwa kipimo kimoja. Ulimwengu uliziita emalsheni za Pickering, na ni wachache tu wanaoliunganisha jina la Ramsden.

Wala si wao wawili tu waliotanguliwa. Muda mrefu kabla ya Oxford na Woburn kuandika lolote, wanawake wa jamii za wafugaji, Waturkana wakiwemo, walikuwa wakitikisa maziwa ndani ya vibuyu. Maziwa ni emalsheni: matone ya mafuta ndani ya maji. Yakitikisika vya kutosha, matone hupasuka ngozi, hung'ang'aniana, na ghafla mambo hupinduka. Mafuta huwa ndiyo yaliyoshika nafasi, nayo maji hubaki matone madogo ndani yake. Hiyo ndiyo siagi. Kinachoyashikilia matone hayo ya maji ndani ya siagi, kwa sehemu kubwa, ni fuwele ndogo ngumu za mafuta yenyewe, kwa kanuni ileile ya punje za Pickering.

Ndiyo maana joto lina usemi mkubwa katika kazi hiyo. Maziwa yakipata joto la kupindukia, fuwele zote huyeyuka na siagi hukataa kushikana. Mama wa Kiturkana anayejua saa ya kutikisa kibuyu, anayeiyeyusha siagi iwe samli ili isichache, na anayeyaanika maziwa yaliyobaki juani hadi yawe unga wa edodo wa kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, ana elimu ya emalsheni mikononi mwake. Asichokuwa nacho ni jarida la kuichapisha.

MIAKA YA MWISHO

Pickering aliendelea kutoa ripoti za Woburn mwaka baada ya mwaka, nyingine zikihusu dawa za shaba, nyingine mbolea, nyingine namna ya kupogoa. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, yeye na Duke walikusanya mavuno ya robo karne ya kazi yao katika kitabu kimoja kuhusu sayansi na ukuzaji wa matunda, kilichotolewa mwaka wa 1919.

Kipindi hicho kilikuwa cha majonzi. Shemeji yake De Morgan alikuwa amefariki mwaka wa 1917, naye Evelyn akafuata mwezi Mei mwaka wa 1919. Tarehe 5 Desemba, 1920, Spencer Pickering alifariki huko Harpenden akiwa na umri wa miaka 62. Wakati huo, kama angeulizwa mtu wa kawaida wa taaluma yake, huenda angemkumbuka kama mbishi wa nadharia ya ayoni, au kama bwana wa mitufaha. Makala yake ya mwaka wa 1907 ilikuwa jambo dogo pembeni.

KABURI LILILOCHIPUKA

Jambo hilo dogo ndilo lililoishi. Mwaka wa 1923 wanakemia wa Marekani, Finkle, Draper na Hildebrand, waliifafanua kanuni ya kulowa: punje ikipenda maji zaidi, mafuta ndiyo yatakayokuwa matone, ikipenda mafuta zaidi, maji ndiyo yatakayotawanyika. Baadaye ukimya ulitanda kwa miongo kadhaa, hadi teknolojia ilipowezesha kutengeneza punje za ukubwa wa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na mwanzoni mwa karne ya 21, emalsheni za Pickering ziligeuka kuwa uwanja mpana wa utafiti.

Hesabu ndizo zilizowashangaza watafiti. Molekuli ya sabuni iliyoko kwenye mpaka wa maji na mafuta huingia na kutoka kila mara, kwa sababu mtikisiko wa joto la kawaida unatosha kuing'oa. Punje ngumu yenye nusukipenyo cha nanomita 10, ikilowa kwa usawa pande zote mbili, huhitaji nishati iliyo mara maelfu ya mtikisiko huo ili ing'oke. Kwa maneno mengine, sabuni ni mlinzi wa zamu, bali punje ni jiwe lililojengewa ukutani.

Kutokana na ukaidi huo wa punje, ndoto mpya ilizaliwa. Ikiwa punje haziondoki mpakani, je, haiwezekani kuvifinyanga vimiminika viwili katika umbo lisilo la tone? Mwaka wa 2005 kundi la watafiti, akiwemo Michael Cates wa Edinburgh, lilionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba jambo hilo linawezekana, na mwaka wa 2007 wanafizikia wa chuo hichohicho, Paul Clegg na wenzake, walilitenda. Walichukua maji na kimiminika kiitwacho lutidini, ambavyo huchangamana vikiwa baridi na hutengana joto likipita takriban nyuzi 34 za Selsiasi, kiasi ambacho mji wa Lodwar hukifikia alasiri nyingi za mwaka. Ndani yake walitia punje ndogo za silika, kitu kilekile kilicho kiini cha mchanga wa kawaida. Walipoupasha moto mchanganyiko, vimiminika vilianza kuachana, punje zikakimbilia mpakani, zikajazana hadi zikakwama. Utengano ukasimama katikati ya njia.

Kilichobaki kilikuwa kama sifongo mbili zilizofumana, moja ya maji na nyingine ya lutidini, kila moja ikiendelea bila kukatika kutoka mwanzo hadi mwisho, na kati yake ukuta wa mchanga mwembamba kuliko unywele. Vimiminika vikawa na umbo kama kitu kigumu. Mwaka wa 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata tone moja linaweza kuvutwa na kubakishwa katika umbo lisilo la duara kwa msongamano wa punje. Maumbo ya jinsi hii yanachunguzwa ili kutengenezea vichujio, betri na vyombo vya kufikishia dawa mwilini.

FAIDA NA HASARA KWA TURKANA

Elimu hii ina makali pande mbili, na Turkana inaguswa na yote mawili. Mwezi Machi mwaka wa 2012 mafuta ghafi yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, eneo la Lokichar, kusini mwa Lodwar. Katika majaribio yaliyoanza mwaka wa 2018 na kukoma mwaka wa 2020, mafuta hayo yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa, na mwezi Agosti mwaka wa 2019 shehena ya kwanza ya mapipa zaidi ya 200,000 ikauzwa ng'ambo. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yanapopoa, hivyo yalibebwa katika matangi yaliyopashwa joto.

Katika visima vya mafuta kote duniani, maji hupanda pamoja na mafuta. Punje za nta, udongo na vitu vizito vilivyomo ndani ya mafuta hujipanga kwenye matone ya maji na kuyavika deraya, sawasawa na machicha ya shaba ya Woburn. Mchanganyiko huo hukataa kutengana, huharibu mabomba, na huhitaji moto au kemikali za gharama ili kuuvunja. Mafuta yakimwagika ardhini au majini, emalsheni ya namna hiyo ndiyo hugeuka tope zito lisiloondoka kwa urahisi. Katika nchi kame ambamo mifugo hutegemea visima vichache na mito ya msimu, hilo si suala la vitabuni. Anayejua jinsi punje zinavyoyafunga maji na mafuta ndiye pia anayejua jinsi ya kuyafungua, na ni yeye atakayeweza kumuuliza mwenye mitambo maswali yanayostahili.

Kwa upande wa pili, kanuni hiyohiyo inatoa tumaini. Emalsheni isiyohitaji sabuni huvumilia maji magumu, kama ilivyoyavumilia maji ya chokaa ya Pickering. Watafiti wanachunguza dawa za mimea, vipodozi na vyakula vinavyodumu kwa punje za wanga, udongo au silika badala ya kemikali kali. Kwa eneo lililovamiwa na nzige wa jangwani mwaka wa 2020, na ambalo mifugo yake huogeshwa dhidi ya kupe mwaka baada ya mwaka, namna dawa inavyotawanyika ndani ya maji ni sehemu ya uhai wa watu.

Maisha ya Spencer Pickering yanafundisha kwamba mtu hachagui kazi yake ipi itakayodumu. Alitumia ujana wake kupigania nadharia kuu, akashindwa na watu waliotuzwa na dunia nzima. Katika utu uzima, akiwa na jicho moja na mwili usio na nguvu nyingi, aliinamia ndoo ya mrututu, chokaa na mafuta ya taa kwa sababu mitufaha yake ilikuwa ikiliwa na wadudu. Hakudharau tatizo la mkulima, na ndoo ile ndiyo iliyolihifadhi jina lake.

Mfugaji wa Lodwar atakapomimina tena dawa ndani ya maji, na mama wa Kakuma atakapoyatazama mafuta yakielea juu ya sufuria, mbele yao patakuwa na fumbo lilelile lililomshughulisha Pickering. Mtoto wa Turkana akiuliza kwa nini maji yamegeuka meupe, inafaa ajibiwe, au apewe ndoo ya pili ajaribu mwenyewe.